Mchoro kwenye Mfuko wa Simiti

Fundi Gichuru alihesabu kwa fimbo. Aligusa jiwe la chini kabisa katika ukuta wa nyumba ya jirani, Mukonyo, akasema moja, akapanda na fimbo kozi moja baada ya nyingine, mstari wa mawe juu ya mstari wa mawe, mpaka akafika chini ya mabati. Zilikuwa kozi kumi na mbili. Kisha akaizunguka nyumba yote kwa hatua ndefu huku midomo ikimcheza, na Mama Nyakio akamfuata nyuma, amekishika kwa mikono miwili kipande cha karatasi ya mfuko wa simiti kana kwamba kimeshonwa kwa uzi mbovu.

Nyakio alisimama kando ya ua wa mikaratusi, mikono ndani ya sweta.

"Nyumba yako ni hii hii, Mama Nyakio," fundi alisema aliporudi. "Vyumba vinne. Ongeza lile dirisha la kutokeza, ongeza ile dohani ya marehemu, basi. Hiyo ni mawe tu. Na mawe ni mawe."

"Pesa ngapi, fundi?"

Gichuru alifumba jicho moja, akatazama angani. "Elfu kumi na tatu na mia tisa. Mpaka ufunguo ndani ya mkono yako."

Mama alishusha pumzi. Katika kitabu cha posta mlikuwa na shilingi elfu kumi na nne na mia sita. Fedha hizo zililipwa kwa ajili ya Waweru, mumewe, baada ya jukwaa la mbao kuvunjika huko Lavington alipokuwa akijenga dohani ya tajiri mmoja. Bwana mmoja mwenye tai alikuja nyumbani kwao Kangemi na karatasi tatu, mama akaweka kidole gumba kwenye zote, na kazi ikaisha. Hazingekuja nyingine. Mama alikuwa ameapa mbele ya wakwe zake kwamba hataila hata senti. Atazitia zote katika nyumba ambayo mumewe aliichora kwa penseli ya useremala nyuma ya mfuko wa simiti, jioni moja baada ya chakula, mwaka mmoja kabla ya kufa.

"Jumamosi ijayo unipe elfu nne za kuanzia," fundi alisema. "Jumatatu sululu inalia."

Nyakio aliitazama nyumba ya Mukonyo. Ilikaa juu kabisa ya mgongo wa kilima, mahali tambarare kama meza. Kiwanja chao kilikuwa upande wa pili wa njia, na kilianza kuteremka kuelekea mtoni kabla hata hujamaliza kuvuka lango. Aliona kosa lilipokuwa, wazi kabisa, kama unavyoona kifungo kilichokatika kwenye shati la mtu. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Mama alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Februari, baba alipofariki, naye Nyakio akaufunga mdomo wake, wakaenda nyumbani kupika viazi.

Alikuwa hivyo tangu utoto, msichana wa kujibu kwa kichwa. Lakini tangu baba azikwe jambo jingine lilikuwa limeongezeka. Sauti za watu zilimfikia kama zimepitia ukuta. Alikula bila kujua amekula nini. Siku ya mazishi shangazi zake walimsukuma begani, wakamwambia, "Lia, we mtoto, lia," naye akajaribu, akakunja uso, machozi hayakuja. Tangu siku ile alingoja tu, kama mtu aliyeambiwa akae kwenye benchi na hakuambiwa mpaka lini.

Kazi yake ilikuwa mjini, ghorofa ya tatu ya jumba moja la Government Road, katika ofisi ya watu wanaokadiria gharama za majengo. Aliajiriwa kufagia na kupika chai. Aliacha shule darasa la sita, lakini alisoma namba vizuri, na karani mmoja alipohamia Nakuru, Bwana Taib akaanza kumwita aje amsomee. Bwana Taib alikuwa mtu wa Lamu, mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi. Utaratibu wao ulikuwa huu: mmoja anasoma kwa sauti kila kitu na kipimo chake, mwingine anafuata kwa penseli kwenye nakala yake, ili kosa lisipite.

"Soma, binti."

"Kuondoa udongo wa juu, inchi sita," Nyakio alisoma. "Kuchimba mitaro ya msingi..."

"Wanisomea mimi au wamsomea nzi aliye dirishani? Paza sauti."

"Kuchimba mitaro ya msingi, kina kisichozidi futi tano."

"Ahaa. Sasa hata Mombasa wamesikia."

Waliendelea mpaka ukurasa ukaisha. Nyakio hakuugeuza. Alikaa na kidole juu ya karatasi, na Bwana Taib akainua macho.

"Bwana Taib. Kwa nini kila nyumba tunaanzia chini?"

Mzee alivua miwani. Katika miaka miwili msichana huyu hakuwahi kumwuliza ila kama anataka sukari.

"Kwa sababu chini ndiko pesa zinakopotea na hakuna mtu anayekwenda kutazama. Ukuta utauona. Bati utaliona, na likipungua mvua itakwambia. Lakini msingi ukishafukiwa, nani atajua umekula mawe mangapi?"

"Na kiwanja kikiwa kinateremka?"

"Kinateremka kiasi gani?"

"Sijui."

"Basi hujui nyumba hiyo itagharimu nini, wala mimi sijui, wala fundi wako hajui, hata akiapa kwa mamake. Kapime." Alivaa tena miwani, kisha akasita. "Ni kiwanja cha nani, mwanangu?"

"Cha baba."

Bwana Taib alikuwa amekwenda Kangemi kuhani, na kilo mbili za sukari mkononi. Alivuta karatasi safi kutoka kwenye mtoto wa meza, akaikunja mara mbili, akamsukumia pamoja na kipande cha penseli.

Jioni ile Nyakio aliuvuta mfuko wa zana wa baba kutoka chini ya kitanda. Ulikuwa haujafunguliwa tangu wenzake waulete. Ndani mlikuwa na mwiko, na simiti kavu bado imeshika kwenye ncha yake. Mlikuwa na nyundo, kamba, timazi, na mpira mrefu wa maji uliokuwa na vichupa viwili vya kioo visivyo na vitako, kimoja kila upande. Aliugusa mwiko, akangoja. Hakusikia lolote isipokuwa baridi ya chuma. Akauweka kando, akachukua mpira.

Alhamisi ofisi ilimtuma Lavington kupeleka bahasha kwa msimamizi wa jengo. Alipomaliza hakurudi moja kwa moja. Alitembea mpaka Adams Arcade kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasimama nje muda mrefu akisoma bei zilizoandikwa kwa chaki kwenye ubao. Bati lilikuwa limepanda. Simiti nayo ilikuwa imepanda. Namba ya zamani ilifutwa vibaya na bado ilionekana chini ya ile mpya. Muuzaji akatoka mlangoni.

"Dada, unanunua au unasomea mtihani?"

Nyakio alitikisa kichwa akaondoka, lakini namba alikuwa amezibeba.

Njiani kurudi, kati ya kituo na nyumbani, alizitazama kwa mara ya kwanza nyumba ambazo alizipita kila siku. Kulikuwa na ya Nzomo iliyosimama kwenye usawa wa madirisha, majani yameota sebuleni. Kulikuwa na nyingine isiyo na paa, mbuzi wamefungwa mahali pa chumba cha kulala. Zote mbili zilikuwa kwenye mteremko.

Jumamosi Gichuru alifika mapema, amevaa koti. Alikuja na vigingi na kamba, na ndugu zake wawili wa kuchimba. Mama alikuwa na elfu nne ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya blauzi. Walisimama juu ya kiwanja, penye lango.

"Mama," Nyakio alisema.

Hakusikika. Gichuru alikuwa akipigilia kigingi.

"Mama, ngoja usilipe."

Wote wakageuka. Nyakio aliona nyuso zao kwa mbali. Moyo haukumwenda mbio kama alivyotazamia. Lilikuwa jambo la ajabu: ile baridi iliyomzuia kulia ndiyo sasa ilimwezesha kusema. Alikuwa na mpira wa maji begani, umezungushwa kama kamba ya ng'ombe.

"Fundi alihesabu nyumba ya Mukonyo. Nyumba ya Mukonyo iko mahali sawa. Hapa ni mteremko."

Gichuru alicheka. "Haiya! Kumbe tuko na injinia hapa, na hakuna mtu aliniambia. Kasichana, wewe unapikia watu chai. Mimi nimejenga tangu wakati wa Emergency, Uhuru haujaja."

"Nishikieni hapa," Nyakio alisema, akampa mmoja wa ndugu zake fundi kichupa kimoja. "Kiweke kwenye majani, chini ya kigingi. Usikiinue."

Labda kwa sababu hakupaza sauti, yule mtu akatii. Nyakio akateremka na upande mwingine wa mpira mpaka mahali ambapo ukuta wa nyuma ungekuja, futi thelathini kutoka kigingini. Akamwita mama. Mama alikuja akishika sketi, akiteleza kidogo kwenye majani yenye umande.

"Simama hapa, mama. Wima."

Akainua kichupa kando ya mwili wa mama, taratibu, akiongeza maji kwa kikombe. Maji yalipanda ndani ya kioo, yakashuka, yakapanda. Yakatulia. Yalitulia sawasawa na fundo la kitambaa kichwani mwa mama.

"Maji ya huku na ya kule juu yako usawa mmoja. Sakafu itakuwa hapa," Nyakio alisema.

Mama alipapasa kichwa chake, akakigusa kichupa. Aliangalia juu kwenye kigingi, kisha akaangalia miguu yake.

"Yaani mimi sasa niko chini ya nyumba yangu?"

"Ndiyo. Kozi saba kabla hata ya kuanza ukuta. Pande tatu zote. Hizo hazikuhesabiwa."

Gichuru alikuwa ameteremka. Hakuwa akicheka tena, lakini alipiga ulimi. "Hiyo ni kitu kidogo. Tunakata huko juu, tunajaza hapa chini. Udongo ni bure."

"Ukuta haukai juu ya udongo wa kujaza," Nyakio alisema. "Baba alikuwa akisema hivyo. Nyumba ya Nzomo ilijazwa."

Fundi aliitazama njia, kuelekea nyumba ya Nzomo, ambayo yeye ndiye aliyeianza.

Nyakio alitoa karatasi ya Bwana Taib mfukoni, akaisoma kama alivyozoea kusoma ofisini, kitu na bei yake, bila kuinua macho. Kwenye elfu kumi na tatu na mia tisa za fundi, ongeza msingi wa mteremko, elfu tatu na mia mbili. Mkokoteni wa punda wa kushusha mawe kutoka barabarani, kwa maana lori haliwezi kufika, mia saba. Maji ya kuchanganyia, madebe elfu moja na mia sita kwa senti thelathini, mia nne na themanini. Dohani, ambayo Mukonyo hana na fundi aliihesabu kama mawe ya ukuta tu, elfu moja mia tatu na hamsini zaidi. Kupanda kwa bei ya bati na simiti, mia tisa. Na kumi kwa mia ya jambo ambalo bado hulijui.

"Elfu ishirini na mbili, mia tano themanini na tatu," alimaliza.

Mmoja wa wale ndugu aliketi juu ya sululu yake.

"Ulijua tangu ile Jumamosi nyingine?" mama aliuliza.

"Niliona mteremko."

"Na ukanyamaza wiki nzima."

"Ndiyo, mama."

Mama alimtazama kwa macho ambayo Nyakio hakuweza kuyasoma, kisha akaweka mkono juu ya blauzi, pale penye pesa, akapanda kuelekea nyumbani bila kuaga mtu. Gichuru alikusanya vigingi vyake kimoja kimoja.

"Ungeniambia pembeni," alimwambia Nyakio kwa sauti ya chini. "Si mbele ya watu wangu."

"Pole, fundi," alisema, na alimaanisha.

Kwa siku nne mama hakuzungumza habari ya nyumba. Aliuza sukuma wiki sokoni, akarudi, akapika, wakala. Siku ya tano, baada ya wavulana wawili, wadogo zake Nyakio, kulala, mama aliutandaza mchoro mezani, akausawazisha kwa kiganja. Karatasi ilikuwa na tabaka mbili, na katika mikunjo ilianza kukatika. Mistari ya baba ilikuwa minene na imenyooka. Juu palikuwa na sebule yenye dohani, na chumba cha mama. Chini, upande wa mto, palikuwa na chumba cha wavulana na chumba cha Nyakio, na katika chumba cha Nyakio ndimo mlimokuwa na dirisha la kutokeza. Baba alilichora mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza lilikuwa dogo. Alikuwa amejenga madirisha kama hayo Lavington, na akasema mtu anaweza kukaa ndani yake na kitabu, miguu juu.

"Tuna elfu kumi na nne na mia sita," mama alisema. "Niambie tutapata nini. Usinifiche."

Nyakio alichukua penseli. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu siku nyingi.

"Tukiacha vyumba vya chini, hatuushuki mteremko. Msingi unakuwa kozi mbili, tatu. Sebule, dohani, chumba chako, na chumba kidogo cha wavulana huku ubavuni. Na ile kumi kwa mia iwemo. Elfu kumi na nne, mia nne na ishirini."

"Na wewe?"

"Nitalala sebuleni."

Mama aliweka kidole juu ya dirisha. "Na hili?"

"Halimo."

"Bei yake?"

"Mia sita na kumi, na vioo. Likihamia sebuleni."

"Na zinabaki mia moja na themanini." Mama hakujua kusoma, lakini kichwa chake cha sokoni hakikukosea. "Toa ile kumi kwa mia."

"Hapana, mama. Hiyo haitolewi. Kukosa hiyo ndiko kulikomwacha Nzomo bila paa."

Taa ya mafuta ilitoa moshi, mama akapunguza utambi. Nyakio aliisoma orodha yake kutoka juu kwenda chini, kimoyomoyo, kitu na bei yake. Msingi haukupunguka. Bati halikupunguka. Punda hakupunguka, kwa maana jiwe moja ni uzito wa mtoto. Akafika kwenye maji. Akaweka penseli hapo, akapiga mstari.

"Mia nne na themanini," alisema. "Ongeza mia moja na themanini. Mia sita na sitini. Dirisha limeingia, na hamsini zimebaki."

"Umekata nini?"

"Maji."

Mama aliuangalia ule mstari ambao hakuweza kuusoma. "Madebe mangapi?"

"Elfu moja na mia sita. Labda pungufu kidogo sasa, lakini nimeiacha hivyo hivyo."

"Kutoka mtoni."

"Kabla sijaenda kazini nitafikisha sita. Jumamosi na Jumapili zaidi."

Mama aliukunja mchoro kwa kufuata mikunjo ya mumewe, akaurudisha ndani ya Biblia. "Nitashika debe la pili," alisema. "Kamwite Gichuru kesho. Mwambie elfu mbili za kuanzia, si nne. Na umpe pole tena. Ana mdomo, lakini anajua kupanga mawe."

Gichuru alikuja. Alichimba mitaro, na kabla ya kufukia akamwita Nyakio atazame. "Hesabu," alimwambia, "usije ukasema baadaye nilikula jiwe." Upande wa chini zilikuwa kozi tatu. Alizihesabu mara mbili, akaitikia kwa kichwa, na udongo ukarudishwa juu ya kozi hizo mpaka hazikuonekana tena. Nyakio alisimama pale. Alifikiri kama kuna mahali pa kulia, ni hapa. Alingoja kidogo, kama mtu anavyongoja mlango ufunguliwe. Ndege walipiga kelele kwenye mikaratusi. Kisha akaona kwamba pipa la fundi ni kavu.

Alichukua debe, akateremka mtoni. Maji yalikuwa baridi na ya rangi ya chai. Alilijaza, akaweka majani juu yake yasimwagike, akalipandisha kichwani. Alipita mahali ambapo chumba chake kingekuwa, penye majani marefu. Alipanda taratibu, akalimwaga debe ndani ya pipa mpaka tone la mwisho, na pale ubavuni mwa pipa akachora mstari mmoja kwa penseli ya baba.

Yalibaki madebe elfu moja, mia tano tisini na tisa. Akageuka, akateremka tena.